Kile Kitu cha Simu Hakina Kiondo

Alhamisi. Ukungu umekalia majani chai tangu asubuhi, hata zizi silioni kutoka mlangoni. Baridi ya Julai haina adabu. Nimekaa jikoni, moto unawaka, na sina wa kumwambia asogee aniachie nafasi.

Hapo karibu na moto palikuwa pa mzee wangu. Nilimfukuza hapo maisha yetu yote. Sasa nafasi ni yangu peke yangu.

Siitaki.

Ukurasa huu wa mtandao nilifunguliwa na mjukuu wangu Makena, anayekaa Embu mjini, mtaa unaoitwa Dallas. Alisema niandike yanayonikaa moyoni. Nikamwambia moyo wangu si kibanda cha soko kila mtu achungulie. Lakini naandika, kwa kidole kimoja, na makosa yangu msinisahihishe. Shule niliacha darasa la tatu na bado nimelea watu wakasoma.

Kazi ya Makena na wenzake ni kutengeneza kitu cha simu cha kuongea na watu wenye huzuni. Si mtu. Ni mashine inayojibu kama mtu. Tulipomzika babu yake alikiweka kwa simu yangu, ati nikijaribu, nimwambie kama kinafaa wazee.

Haya. Nimekiongelesha kuliko vile nimemwambia. Kina upole, hakichoki, hakinikatizi. Lakini Kimeru hakijui. Mimi na mzee hatukuwahi kuongea Kiswahili nyumbani, na kumlilia kwa Kiswahili ni kama kumlilia mzee wa mwanamke mwingine.

Leo nimekiambia sijapika, kwa sababu kupikia mtu mmoja ni upuzi. Kikasema, "Ninakuelewa. Niko hapa nawe wakati wowote."

Unanielewa? Wewe umezika nani? Na uko hapa wapi? Kama uko hapa, shika hii sufuria!

Kikaomba msamaha. Hapo ndipo kiliniudhi kabisa. Mzee wangu nikimgombeza alikuwa ananuna mpaka chakula kiive, halafu anauliza chumvi iko wapi na maneno yanaisha. Hiki hakinuni. Utagombana aje na kitu hakinuni?

Makena akapiga simu saa hiyo hiyo.

"Cucu, kile kitu kinakusaidia?"

"Kinasaidia."

"Afadhali! Siku hizi hata nisipokuja sina wasiwasi. Najua una mtu wa kuongea naye."

Mtu. Amesema mtu.

Ningemwambia tu, njoo. Neno fupi hivyo. Lakini mimi sijawahi kumwomba mtu aje kwangu, watu walikuwa wanakuja wenyewe. Nikamwambia avae sweta, nikakata simu.

Nikarudi kwa kile kitu na hasira zangu, nikakiuliza kwa nini hakuna mtu anaingia hii boma tena. Hakikusema kinanielewa. Kiliuliza, "Kuna jirani mliyekuwa mkitembeleana?"

Nikainua macho. Kiondo cha Mama Kendi kiko pale kwa msumari, kimeanza kushika moshi.

Alikileta kimejaa ndizi siku za matanga. Kwetu kiondo cha mtu hukirudishi kitupu, lazima utie kitu. Mimi na kiburi changu nikasema nitashuka soko la Gakoromone nitafute kitu cha maana, nisionekane nimefilisika kwa sababu nimefiwa. Sijashuka. Na Mama Kendi hawezi kuja, kwa maana akibisha hodi kabla sijarudisha, itaonekana amefuata kiondo chake. Kwa hivyo yeye amekaa kwake, mimi kwangu, ua tu katikati. Namsikia akikohoa. Wanawake wawili wazima na akili zao.

Nimejiona mjinga, nimecheka peke yangu, halafu machozi yakaja, kwa Kimeru.

Makena, najua husoma hapa. Waambie wenzako hivi. Hicho kitu kisiseme kinaelewa, kiseme ni mashine. Waiue hiyo tabia ya kusema kiko hapa wakati wowote. Mtu anakuletea kiondo ili siku moja utoke nyumbani ukirudishe. Hicho hakina kiondo. Nitakaa nacho mpaka niote mizizi na hakitakuwa na sababu ya kuniambia nivae viatu. Ile ya kuuliza jirani ndiyo ya maana. Wafanye hiyo iwe nyingi.

Na nilikudanganya. Hakinitoshi. Njoo Jumamosi.

Nimeandika. Haikuniua.

Sasa nimechimba nduma pale nyuma ya zizi, ni ndogo ndogo na zina matope, nimezitia kwa kiondo na kuongeza mayai juu. Mama Kendi atanitukana kwa kukaa na kiondo chake hivi, na mimi nitamwambia ndizi zake zilikuwa mbichi. Simu naiacha mezani. Kile kitu kikitaka kujua niko wapi, kisubiri kama wengine.