Mama wa Kitabuni na Chai Yenye Moshi

Maitu, mama yangu mpendwa,

Leo nimepata nafasi ya kukaa, nikaona nikuandikie. Hukuwahi kujifunza kusoma, na hata ungejua, huko uliko posta haifiki. Lakini kuna kitabu ambacho mimi na wewe tulikiacha njiani, na juma hili nimekisoma tena mpaka mwisho. Hakuna mwingine ninayeweza kuzungumza naye habari zake.

Unakumbuka kilivyofika kwetu. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru, mzungu mmoja alipouza vyombo vya nyumba yake ili arudi kwao. Baba alirudi Tetu na kabati juu ya mkokoteni, nawe ulikuwa umemtuma sufuria. Ndani ya droo mlikuwa na riwaya nene ya Kiingereza, jalada jekundu, pembe zimetafunwa na panya. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nangojea kuitwa chuo cha ualimu, nikawa naisoma nje ya jiko huku nikicheka peke yangu. Ukaniuliza kama ni mgonjwa. Basi nikaanza kukusimulia kwa Kikuyu, kila alasiri kipande, wewe ukisuka kiondo.

Ilikuwa hadithi ya wakubwa wa Uingereza wa zamani, watu ambao kazi yao ilikuwa kutembeleana. Mjane mmoja anaishi katika nyumba kubwa iliyoanza kuvuja, na ana binti mmoja. Anamfundisha binti namna ya kukaa, namna ya kushika kikombe, wakati wa kucheka na wakati wa kuinamisha macho, kwa sababu anataka aolewe na bwana mwenye mashamba. Humo ndani hakuna anayemtukana mwenzake. Mtu akichukiwa haambiwi, ila mialiko inakoma.

Uliniuliza nani analima. Nikasema hakuna, wanalimiwa. Ukafikiri kidogo, kisha ukasema, "Ndiyo maana wana wakati wa kuumizana polepole."

Mimi yule mama nilimwona kichekesho. Nilikuwa natembea uani shingo juu, nikiiga sauti yake, nawe ukacheka mpaka ukaweka kiondo chini. Lakini ulikuwa unanicheka mimi, si yeye. Yeye ulimtetea kila siku. Ulisema ana mtoto mmoja na nyumba inavuja, sasa nilitaka afanye nini?

Tulikuwa tumefika katikati ya kitabu Kariuki aliposema mama yake anataka kuja kuona kwetu. Kariuki alikuwa karani mjini Nyeri, kijana mtaratibu, na mimi nilikuwa nimeshaamua moyoni. Baba yake alikuwa amepandishwa cheo ofisini baada ya wazungu kuondoka, na familia yao ikahamia nyumba ya mawe pale Skuta. Ulifagia uwanja mpaka udongo ukang'aa. Ukaazima vikombe vya mke wa mchungaji, ukaviosha ingawa vilikuwa safi.

Mvua ilikuwa imenyesha juma zima.

Mama Kariuki alikuja amevaa kofia na glovu nyeupe. Alikuwa Mkikuyu kama sisi, amezaliwa ng'ambo tu ya mto, lakini alizungumza nasi kwa Kiswahili, akichanganya na Kiingereza kila aliponigeukia mimi. Alisifu kabati. Alisifu milima. Ulipompa chai alionja mara moja, akaweka kikombe chini taratibu, akatabasamu.

"Hii chai iko na moshi kidogo," akasema.

"Kuni ilikuwa mbichi," ukamjibu, na Kiswahili chako kilikuwa kichache hivyo hivyo.

Hakukigusa kikombe tena. Alikaa kwa adabu, akauliza habari za mahindi, akaaga kwa adabu. Ulimsindikiza mpaka barabarani, na uliporudi uliniuliza jambo moja tu. Ulitaka kujua yule mama wa kitabuni angefanya nini. Nikakuambia angetabasamu na kumwongezea chai mgeni. Ukasema basi umefanya sawa, ukaingia kuosha vikombe vya watu.

Hawakurudi, Maitu. Hakuna aliyesema hapana. Kariuki alikuja mara moja moja, halafu akahamishwa, halafu tukasikia ameoa msichana wa mjini. Tulikutana na mama yake nje ya kanisa, akakupa ncha za vidole na kukuuliza hali ya ng'ombe. Nilirudi nyumbani nikijaribu kuwa mtu asiyelia. Alasiri hiyo, kwa kukosa la kufanya, nilichukua kitabu nikakaa karibu nawe kama kawaida. Hukuinua macho kutoka kwenye kiondo.

"Kiweke," ukasema. "Hicho nimeshakijua."

Na tangu siku hiyo mpaka ulipofariki, chini ya kitanda chako hapakukosa kuni kavu. Baba alilalamika kwamba zinaleta mchwa.

Mimi niliolewa Othaya na mwalimu mwenzangu, mtu mwema, sina la kumlalamikia. Nimefundisha, nimechuma chai, nimekamua, nimezaa. Msichana wa pili nilimpa jina lako, Nyambura, kwa hiyo naye namwita Maitu. Hukumwona. Ana shingo yako.

Kabati lilinifikia baada ya Baba kuzikwa, na kitabu kikiwa ndani. Mwaka huu Nyambura alikipata, akakisoma, akacheka. Jioni moja nikamkuta anatembea uani shingo juu, anawaigizia dada zake yule mama. Kisha akaniambia, bila ubaya wowote, kwamba yule mama ni mimi kabisa. Nikachukua ndoo nikaenda kwa ng'ombe.

Baadaye nikakisoma upya. Nikaona kitu ambacho msichana hawezi kuona: katika kitabu kizima yule mama haketi kitini ila pale anapotazamwa. Mwandishi anajua kofia zake zote, anajua kila neno aliloambiwa na mabibi wenzake, lakini hajui kama miguu inamuuma. Acha nikuambie mwisho wake. Binti anamkataa yule bwana, anaolewa na daktari wa mashambani, na wanaondoka kwa gari la farasi. Mama anasimama mlangoni akipunga mkono. Mwandishi anapanda gari pamoja na vijana, na kitabu kinaishia huko njiani. Nilikifunga kwa hasira. Nilitaka kujua yule mwanamke aliingia ndani akafanya nini.

Jumamosi iliyopita ikawa zamu yangu ya kupokea wageni. Kijana anayetaka kumwoa Nyambura ni wa Karatina, na mama yake anauza viazi sokoni. Nilikuwa nimetandika vitambaa kwenye kila kiti. Mama wa kijana alikaa pembeni kabisa mwa kiti, akashika kikombe kwa mikono miwili, akawa anasifu kila kitu upesi upesi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ananiogopa. Mimi, Maitu. Nikatafuta neno la kumwambia. Kitabuni wangezungumza juu ya hali ya hewa.

Nikamuuliza, "Mama, umechoka?"

Alinitazama kama mtu anayetegewa mtego. Kisha akashusha mabega.

"Nimechoka sana," akasema. "Hata leo nilikuwa natamani msikuwe nyumbani."

Nikamwambia hata mimi nilitamani wasije. Tukawaacha wanaume na mazungumzo yao sebuleni, tukabeba chai yetu jikoni, tukanyoosha miguu. Aliniambia kidogo habari za soko na za goti lake la kushoto. Halafu akanyamaza, na nilipomtazama alikuwa amelala, kichwa ukutani, mdomo wazi. Nyambura akachungulia mlangoni. Nikamwashiria asimwamshe.

Nilikaa pale nikimlinda, nikakuwaza wewe. Nimetafuta katika kumbukumbu zangu zote, na sikumbuki mtu hata mmoja aliyewahi kukuuliza kama umechoka.

Watoto wamekubaliwa, wataoana baada ya mavuno.

Pumzika, Maitu. Wageni wamekwenda.

Ni mimi, binti yako,
Mama Nyambura