Mwandiko wa Bahasha

Al Mansoura, Doha, 2011

Mjukuu wangu Baraka,

Nakusalimu kutoka huku kwenye joto. Jicho limepona, bandeji imetolewa jana, na shangazi yako amerudi kazini hotelini akiwa na amani.

Umeniuliza kwa nini waandishi wa Kirusi wa zamani, hao mnaowasoma chuoni, huweka barua katikati ya hadithi badala ya kutuambia tu kilichotokea. Mimi si mwalimu, lakini namkumbuka Nekesa, tuliyekaa naye chumba kimoja nilipokuja kufanya kazi za nyumbani.

Mwanawe alikuwa mgonjwa kwao Bungoma, na barua zote ziliandikwa na mamake Nekesa. Siku moja Mkenya mwenzetu aliyetoka likizo akamletea bahasha aliyoipokea Nairobi. Mwandiko ulikuwa mgeni, tena wa kutetemeka. Kwetu, habari ya msiba huandikwa na jirani, maana wafiwa hawana nguvu. Tukamketisha Nekesa sakafuni, tukamfunga leso kiunoni, na mmoja wetu akaanza kulia.

Akafungua. Herufi zilezile, kubwa, zimepinda: "Mama, nimepona. Nyanya amesema niandike mwenyewe."

Tulicheka huku tukipangusa machozi. Msimulizi angesema mtoto amepona, tungejua tu. Barua ilitutisha kwanza, kisha tukauona mkono wenyewe uliopona.

Bahasha hii iliandikwa na shangazi yako nikiwa bado na bandeji. Usiketi sakafuni, Baraka. Humu ndani ni mwandiko wangu mwenyewe.

Nyanya yako