Kitako Kilichokatwa kwa Kipimo cha Bega Langu

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini siwezi kukuandikia bila kukuamkia kwanza.

Mama hajambo. Siku hizi analala upande wako wa kitanda, anasema upande wake una baridi. Mihogo ya bondeni tumeivuna, na safari hii nguruwe pori wamekula ya pembeni tu. Wakimbizi wamerudi kwao. Ile barabara ya Benaco iliyokuwa haipitiki kwa wingi wa watu, sasa unatembea ukisikia viatu vyako mwenyewe. Fundi Venansi naye ameondoka. Alikuja kutuaga, akavua kofia kaburini kwako, akakusemesha Kinyarwanda kwa sauti ya chini. Sikumuuliza amekwambia nini.

Ila hasa nimekaa kukuandikia habari za bunduki.

Unakumbuka ilivyoanza. Wakimbizi wa Rwanda walipojaa kambini Benaco, misitu iliisha kwa kuni, na nguruwe wakahamia kwenye mashamba yetu huku Rulenge. Bega lako la kulia lilikuwa limeshakataa kazi, hata kikombe cha uji ulikiinua kwa mkono wa kushoto. Mtoto aliyebaki nyumbani nilikuwa mimi tu, tena niliyerudi baada ya ndoa kunishinda. Ukanipa bunduki ya babu, ile ya marisau yenye mitutu miwili, ukawa unasimama ubavuni kwangu na kunielekeza.

Kitako chake, ule mti wa kuegemeza begani, kilikuwa kirefu, kimenyooka kama mpini wa jembe. Kilitengenezwa kwa ajili ya mikono mirefu ya wanaume wa ukoo wetu. Kila nikikiinua kinanasa kwenye sweta, karibu na kwapa. Nikifyatua, shavu linavimba. Mama alikuwa akinikanda kwa maji ya chumvi huku anakutazama wewe.

Nilidhani utasema basi, tuache. Badala yake ukaenda kumtafuta Fundi Venansi, yule mkimbizi aliyekuwa akitengeneza madawati pale Rulenge. Alikubali kwa shida. "Mzee, niletee mti tu," alisema. "Chuma kikae kwenu." Mtu aliyekimbia vita, hukumuuliza kwa nini. Ulifungua skrubu mwenyewe, ukakizungushia chuma gunia na kukiacha chini ya kitanda.

Basi akachonga vitako viwili vya kujaribia, kwa mti laini. Kimoja shingo yake ilinyooka kama ile ya zamani. Kingine kilipinda chini, mahali pa kushika, mfano wa shingo ya kibuyu. Wewe ulikuwa unapenda kilichonyooka. Ulisema mkono unateleza upesi kutoka triga ya mbele kwenda ya nyuma. Mimi nilikuwa nakipenda kilichopinda, kwa sababu kiwiko kilitulia na kiganja hakikuniuma. Tulibishana mpaka fundi akacheka. Ndiyo siku pekee niliyomsikia akicheka.

Ukanivalisha sweta langu la asubuhi, kwa sababu ndilo ninalovaa nikienda kulinda. "Funga macho," ukaniambia. "Inua. Weka shavu. Haya, fungua." Na kile kilichopinda, Baba, nilipofungua macho nilikuwa natazama moja kwa moja juu ya kitako mpaka mbele, hata sikuhitaji kusogeza kichwa. Nilisikia mwili wangu umepata mahali pa kukaa. Sijui kama niliwahi kukwambia.

Fundi alitaka kutafuta mninga mpya. Ukakataa, ukamwekea mezani kitako cha babu. Akakishika muda mrefu. "Mzee, nikishakikata hakitarefuka tena." Ukamjibu neno moja: "Kata." Akakata, akagandisha kipande cha mninga chini ya shingo ili nipate pa kushika, akakisugua mpaka kiungio kikawa hakionekani. Mimi niliingiwa na hofu. Nikakwambia, "Baba, sasa kitakuwa kifupi kwako. Bega likipona je?" Ukasema, "Mimi nimeshaitumia." Ukabadilisha mazungumzo, ukauliza kama kuku wameingia.

Sikuelewa siku ile. Nimeelewa wakati wa kuondoa matanga.

Mwenyekiti wa kijiji alikuja, akasema bunduki ipelekwe polisi Ngara, na ukoo useme nani ataiombea kibali. Baba mdogo Sospeteri akasimama. Alisema bunduki ya ukoo haiwezi kubaki kwa mwanamke aliyeachika, kesho ataolewa kwingine aende nayo. Wanaume wakatikisa vichwa kumkubalia. Mama akainamisha uso. Mimi nilikuwa nimebeba sinia la chakula, nikabaki nimesimama nalo.

Ikaletwa, ikakaguliwa kwamba haina risasi. Baba mdogo akaipeleka begani. Unamjua alivyo mrefu, ni mwili wako kabisa. Kwa ufupi wa kitako, kidole gumba chake mwenyewe kikamgonga puani. Akaishusha, akaiinua tena, akakunja shingo kama kuku anayekunywa maji. Ikawa vilevile. Hakuna aliyecheka. Kisha shangazi Anastazia, dada yenu, akasema kutoka kwenye mkeka wa wanawake: "Sospeteri, hiyo nguo si yako. Kaka alikuwa na akili zake timamu alipoikata. Alijua anamkatia nani."

Baba mdogo alitazama kile kitako, akakipapasa mpaka kwenye kiungio. Akanijia, akanipokea sinia, akaniwekea bunduki mikononi. Machozi yalikuwa yanamtoka. Jioni alimwomba Mama koti lako. Kumbe alikuwa anataka kubaki na kitu chako. Mama akampa, na linamkaa vizuri.

Kibali nimepata. Nilizungushwa, niliambiwa njoo kesho, lakini nimepata.

Sasa nikuambie kinachonisumbua. Nashukuru. Lakini mimi kwa miaka yote nilijua kwamba ulinipokea nyumbani kwa huruma, mtoto ambaye mambo yalimharibikia. Hukuwahi kuniambia vinginevyo. Nimekuja kujua mbele ya watu wote jinsi ulivyoniona, wewe ukiwa tayari uko chini ya udongo, na sikuweza hata kukuita ukaitika. Ungeniambia tu, Baba. Pale pale kwa fundi. Maneno mawili yangetosha.

Lala salama. Mama nitamtunza, na shamba pia. Na jana usiku, kabla sijaanza kuandika haya, nilikwenda kukaa naye kitandani, nikamwambia kwamba nampenda. Alishtuka, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi. Nitamwambia tena leo, na nitawaambia wote nilio nao, wakiwa bado wanaweza kunijibu.

Mwanao,
Domitila