Kosa la Pili

Antsirabe, 3 Juni

Mwanangu Naivo,

Salamu tele kwako na mkeo. Sisi wazima, ila koo langu. Daktari kanikataza kusema hata kwa simu, na mama yako anaufurahia ukimya huo. Mdogo wako Hery anamposa Lalaina wa Ambositra, nami sina sauti ya kusimama mbele ya wakwe. Utatusemea wewe. Uliacha seminari, ukavuta riksho hapa mjini, ukasoma matangazo ya vifo redioni, leo wakili. Mdomo huo na utufae nyumbani.

Baba yako

Antananarivo, 11 Juni

Baba mpenzi,

Shikamoo. Pole kwa koo, asali usiache. Nikupe siri: mwaka wa pili huu, kila Jumamosi najifunza hotuba za posa kwa mzee mmoja wa mtaani. Mke wangu alidhani nina mwanamke! Pale nina raha kuliko mahakamani. Usihofu, msemaji wao nitamkalisha chini.

Mwanao

Antsirabe, 2 Julai

Naivo,

Hatujambo, ila Hery hali chakula. Kweli umemkalisha msemaji wao, mzee Ralambo! Mama yako kanieleza: hukuomba radhi kwa kusimama mbele ya wakubwa kama desturi inavyotaka, ukamsahihisha mara tatu, hadi akaketi. Sasa wakwe wameleta jibu: "Kwenye ukoo usiokosea, makosa yote yatakuwa ya binti yetu." Mwanangu, hatuendi kule kushinda kesi, tunaomba mtoto wa watu. Wamekubali urudi mara moja tu. Safari hii kosea, wakutoze ile faini ya desturi ya msemaji anayekosea, wacheke.

Baba yako

Antananarivo, 16 Julai

Baba,

Shikamoo, na koo likoje? Niliomba radhi kwa wazee, kwa mlango, kwa mkeka, hadi Ralambo akasema, "Wakili, endelea kuomba radhi, sisi tukachinje kuku!" Kisha nikamposa mama mkwe badala ya Lalaina. Nyumba nzima ikaangua kicheko. Bibi mmoja akapaza sauti, "Mchukueni, anakoroma!" Nikatozwa. Hilo nililipanga.

La pili sikulipanga. Ralambo alipotamka, "Binti ni wenu," ilinipasa kushukuru papo hapo. Nikamtazama Hery, maneno yote yakanipotea, nikalia mbele ya watu. Nikatozwa tena, na sijawahi kulipa kitu kwa furaha kama ile.

Ralambo akaninong'oneza, "La kwanza nilijua ni la wakili. Hili ndilo la kaka mtu."

Mwanao, kaka yake Hery