Ishara Uliyomfundisha Mama

Numbi, mdogo wangu,

Hukujifunza kusoma, na bado nakuandikia. Mkono unaoandika ndio uliokuwa unaongea na weye, basi usishangae.

Tangu tukuzike, watu hapa nyumbani wanazungumza polepole, kana kwamba sasa unaweza kusikia. Surua ilikuziba masikio ukiwa bado mgongoni kwa Mama. Hakuna aliyetufundisha ishara. Tulizitunga wenyewe ndani ya lupango, uani kwetu, tukimenya mihogo. Baba alikuwa kidole kwenye paji la uso, pale kofia yake inapombana. Mvua ilikuwa vidole juu ya goti. Nilidhani ni lugha yetu sisi wawili tu.

Kuna jambo linanisumbua. Wageni wa matanga waliniuliza najisikia namna gani. Nilitafuta kwa Kiswahili, nikatafuta kwa Kiluba, hata kwa Kifaransa. Maneno yalikuja, lakini hakuna lililokaa. Kisha mkono wangu ukafanya wenyewe ishara yako moja: kiganja kinabonyeza mkeka, halafu kinainuka taratibu. Uliitunga asubuhi ile mjomba aliporudi kwake Mulongo, na pale alipolala palikuwa bado na joto. Hapo ndipo nikajua kilicho moyoni mwangu. Najiuliza, kabla ya mkono kuinuka, wazo lenyewe lilikuwa wapi?

Mama alikuwa ameketi mbele yangu. Akanijibu kwa ishara ileile, bila kukosea. Miaka yote nilikuwa namtafsiria maneno yako, kumbe alikuwa ananiacha tu nitafsiri.

Sasa tunaongea kwa mikono, mimi naye, tukisubiri maji ya bukari, ugali wetu, yachemke. Juzi akafanya ishara nisiyoijua: ngumi mbili zinagusana karibu na koo, kisha zinafunguka. Nikamwambia hiyo si yetu.

"Ile ni Numbi njo alinifundisha," akasema. "Weye ulikuwa ku masomo."

Nikamwomba anieleze maana yake. Akaanza, akaacha, akaanza tena. Mwishowe akasema haiingii mdomoni. Lazima niione ikitumiwa.

Kwa hiyo kulikuwa na mambo mliyoyawaza weye na Mama, na mimi sina hata pa kuyawazia. Sioni wivu. Labda kidogo. Zaidi nataka kujua.

Pumzika, mdogo wangu. Nakuahidi sitamsumbua Mama aiseme kwa maneno. Nitakaa naye, nimtazame mikono, mpaka niielewe.

Dada yako,
Ngoie