Conso, mbona unaendaka kwa Mama Divine?

Bon, nilikuwa nimefika wapi? Eh, kwa Mama Divine, jirani yetu. Conso wangu, tangu tukuzike, ule mwanamuke amenishinda. Kila jioni akiwasha taa, kwake kunaingiaka mududu moja kama mbu mukubwa, mwili mwembamba, mabawa mbili, miguu mireeefu ya kuyumba-yumba. Basi anaita mutaa nzima ya Carama: "Muje muone, Conso amekuja kunisalimia! Si muguu moja imekosa? Si alikuwa anachechemea?"

Kwake! Mi niliyekusuka nywele miaka yote, unapita mulango yangu uende kwa mutu mwenye chai yake haina hata sukari? Wivu ilinikula, ugali haikupita.

Juzi agronome, ule bwana shamba, akaja kuangalia mboga zetu za lengalenga. Nikamuuliza juu ya ule mududu, kama vile siyo mambo yangu. Akachimba matope pale Mama Divine anamwagaka maji ya vyombo, akatoa kidudu ya kijivu, haina miguu, ngozi ngumu kama kiatu. Asema inakaa mule majuma mengi, inakula mizizi na majani yenye kuoza, halafu inajifunga mu ganda, inatoka na mabawa. Ikisha kuruka, ni siku chache tu: inaolewa, inataga mayai mu udongo ya maji, inakufa. Haiumaka mutu. Na ile miguu inakatikaka bure, ukiigusa tu.

Nilicheka, Conso! Kumbe ni maji ya vyombo, siyo wewe!

Halafu nikakumbuka kiti yako. Juu kesho yake ya kukuzika, moja iliingia kwangu. Ya kwanza kabisa, kabla ya ile ya Mama Divine. Ikatua ku kiti yako. Nikasema malaria hiyo, nikaipiga na kandambili. Sijaambia mutu.

Kama ilikuwa we, ulianzia kwangu. Natamani nimupigie Mama Divine makelele ajue! Lakini akiniuliza nilikufanya nini?

Sasa kila siku namwaga maji chini ya dirisha yangu. Kandambili nimezitoa inje, nakuahidi, mukono yangu haitainuka tena. Lala salama, mwenzangu, na…

Yoo, huyu Mama Divine naye ananiita: "Mama Kelly! Kuja mbio! Iko ku dirisha yako, miguu yote sita!"

Yote sita, Conso? Nakuja. Ngoja hapo hapo, usigeuke kwake.