Panga la Mganga Wako

Mpendwa dada Yustina,

Mlio mmoja umenikaa masikioni tangu mwaka jana: penseli yako ikilazwa juu ya kioo cha meza ya sebuleni kwetu Kihonda. Hukuitupa. Uliilaza taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe, ukainuka ukaenda jikoni. Nimesikia milango ikibamizwa na watu wakitukanana, yote nimeyasahau. Huo mlio mdogo umekataa kuondoka.

Ningekupigia simu ungenikatisha. Ungesema, "Yameisha hayo, mdogo wangu," halafu ungeuliza habari za mama. Kwa hiyo naandika, na naandika barua ya wazi, ili waliokuwepo siku ile nao waisome.

Unakumbuka ulivyoshuka kutoka Mgeta, kule mlimani, ukaja kukaa kwetu uanze chuo cha uuguzi? Wiki ya kwanza hukutoka nje ya geti, ila kwenda darasani tu. Jumamosi ya pili ulitukuta sebuleni, mimi na wenzangu wawili wa chuo kikuu, Baraka na Shamimu, tumezunguka karatasi na dadu zenye pande nyingi. Ukauliza gemu gani hilo. Nilikueleza kwamba kila mtu anajitungia mtu wake na kumpa kazi: askari, mchawi, mwizi, mganga. Mmoja anakuwa msimulizi, anaeleza safari na hatari zake. Wengine wanasema watu wao wanafanya nini, na dadu inaamua kama wamefaulu. Msimulizi nilikuwa mimi. Na kitabu cha sheria kilikuwa changu, nakala moja tu niliyoiprinti steshenari na kuibana kwa spairo, chote Kiingereza.

Ulichagua mganga. Ukaanza kumpangia vitu vyake: mfuko wa dawa, kibuyu, panga.

"Panga hapana," nikakwambia. "Mganga habebi kitu chenye makali. Anabeba rungu. Amekatazwa kumwaga damu."

Ulifikiri kidogo. "Kwa hiyo mtu ukimpasua kichwa kwa rungu, anatoka maji?"

Baraka alicheka mpaka akalala kwenye kochi. Shamimu akadakia, "Muulize huyo. Mchawi wangu mimi hata kofia ya chuma kakatazwa. Siku akiangukiwa na nazi itakuwaje?"

"Nazi atairoga," akasema Baraka.

Sikucheka. Nilitoa hoja zangu, na mpaka leo naamini zilikuwa na maana. Nilisema kila kazi na kifaa chake; askari hajui dawa wala uchawi, alichonacho ni upanga, na ukimpa kila mtu upanga yeye anabaki na nini? Nilisema vizuizi ndivyo vinavyofanya watu wahitajiane safarini. Ulinisikiliza mpaka mwisho, kama unavyowasikiliza wakubwa, ukajibu kwa upole:

"Nimekuelewa. Lakini bibi yetu alikuwa mganga. Uliwahi kumwona anapanda mlima bila panga? Magome alikuwa anayabandua kwa kucha?"

Hapo nikamwona bibi. Nilimwona kwenye njia ya nyuma ya kanisa, panga kwenye mkanda wa khanga, mimi na wewe nyuma yake tumebeba kapu, kila mmoja ameshika mkono wake wa kapu. Alikuwa akikata gome upande mmoja tu wa mti, halafu anapaka udongo pale kwenye kidonda. Ulilijua hilo kuliko mimi, kwa sababu mimi nilikuwa mgeni wa likizo na wewe ulikuwa unaishi naye.

Nikasema tu, "Hapa tunafuata kitabu."

Lakini mjadala haukuisha. Ulikuja nao Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena, na kila mara uliuongezea kichekesho. Baraka na Shamimu walianza kufika mapema. Nilipowafungulia mlango hawakuuliza habari yangu. Waliuliza, "Yustina yupo?"

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Katikati ya wiki uliniomba kitabu. Nilikuona nacho jikoni, maharage yapo motoni, kamusi yako ya sekondari umeiegemeza kwenye sufuria ya wali. Ulikaa hivyo siku tatu. Jumamosi ukaja mezani na penseli yako, kidole kimebana ukurasa.

"Nimepata," ukasema. "Hapa wameandika kwamba walio mezani wakikubaliana, msimulizi anaweza kumruhusu mtu kifaa ambacho si cha kazi yake. Si ndiyo?"

Ndiyo, dada. Ndivyo ilivyoandikwa, neno kwa neno. Na mimi mstari ule nilikuwa nimeuona tangu siku ile ya kwanza, baada ya ninyi kuondoka mezani. Niliusoma mara mbili nikafunga kitabu. Wiki zote zile nilibishana na wewe nikijua.

Nilikichukua kitabu mkononi mwako. Nikautazama ukurasa kama ndiyo kwanza nauona. Kisha nikasema, kwa sauti ile ninayotumia nikiwa nawasilisha darasani:

"Hujaelewa, dada. Hapo wanazungumzia kitu kingine. Kiingereza cha vitabu hivi si kile cha kukariri cha shule. Ungeniachia mimi tu."

Baraka akasema, "Basi yaishe, mwenye kitabu kasema." Hakujua. Alitaka tuanze kucheza.

Ulinitazama. Nilifikiri utauliza hicho kitu kingine ni kipi. Ungeuliza ningekwama. Ukasema, "Labda kweli sijaelewa." Ukailaza penseli. "Ngoja niangalie maharage."

Sikuinuka. Tulicheza saa mbili nzima bila mganga.

Nimejaribu kujitafutia sababu inayonipendeza na sijaipata. Nilisoma shule ya Kiingereza tangu chekechea, nyumbani na darasani nimezoea kuwa ndiye anayejua. Meza ile ilikuwa mahali pekee ambapo watu walikuja kunisikiliza mimi. Ulikaa wiki chache tu wakawa wanakuja kukusikiliza wewe. Niliona wivu kwa dada yangu mwenyewe, mtoto wa mama mkubwa, tuliyebeba naye kapu moja. Hakuna zaidi ya hapo.

Ningekuwa nimekunyima panga tu, ningecheka nawe leo. Nilikunyima kitu kingine. Muhula ulipoisha ulimwambia mama mezani, tunakula, "Mama mdogo, mimi narudi nyumbani. Masomo yote ni Kiingereza. Hata sentensi moja nikiisoma siielewi sawasawa, nitaua mgonjwa wa watu."

Mama alishangaa. "Nani kakwambia huelewi? Si majuzi umefaulu majaribio?"

"Nimejiona mwenyewe, mama mdogo."

Nilikuwa nimekaa mbele yako, namenya chungwa. Maneno mawili yangetosha: "Ulielewa sawasawa." Nilimenya lile chungwa likaisha, nikamenya na la pili ambalo sikuwa na hamu nalo. Siku tatu baadaye ulipanda lori lililoleta kabichi, ukarudi nalo pamoja na matenga matupu.

Pasaka nilipokuja huko Mgeta ulinipokea njia panda, ukaninyang'anya begi, ukapanda nalo ule mwinuko wote huku ukiniambia habari za karoti na mvua. Ungeninunia ningepata nafuu. Karibu na nyumbani ukauliza, "Gemu bado mnacheza?" Nikasema tunacheza. "Na mganga wangu mlimfanya nini?"

Nilikwambia, "Tulisema amerudi kwao."

Ulicheka kidogo, ukasema si vibaya. Mimi nilitazama miguu yangu mpaka tulipofika uani.

Dada, chuo bado kinakushikia nafasi mpaka waanze wapya, mama alikwenda kuuliza. Sikuombi urudi kwa ajili yangu, na wala sikuombi unisamehe haraka kama ulivyozoea. Ukiamua kubaki na bustani, baki kwa sababu unaipenda bustani. Usibaki kwa sababu ya sentensi niliyokuongopea mimi. Uliisoma peke yako, kwa kamusi, maharage yakichemka, na ukaipata.

Jumamosi iliyopita, Baraka na Shamimu walipokaa, sikugawa karatasi. Niliwasomea mstari ule kwa Kiingereza, nikawatafsiria.

"Kwa hiyo Yustina alikuwa sahihi?" akauliza Baraka.

"Alikuwa sahihi."

Shamimu alinitazama sana. "Na wewe ulijua?"

Nikasema nilijua, tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyenitetea, na sikungoja. Nilikwenda uani kwa mama, alikuwa anaanika nguo, nikamwambia na yeye yote, pamoja na la machungwa.

Baki salama, dada. Nisalimie mama mkubwa, mpe shikamoo yake.

Ni mimi mdogo wako,
mtoto wa mama mdogo.